Upande wa Meza Usiokaliwa

Mvua ilianza asubuhi, manyunyu tu ya kuwakera kuku. Bibi Guixiu alipotoka kumwaga maji aliyooshea figili, akaona kwamba haitiririki. Kila tone lilipogusa jani la kitunguu liliganda papo hapo, na bustani nzima ilikuwa imevaa kioo. Akagusa kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa nene kama kidole na ngumu kama fimbo.

“Lo,” akasema peke yake. “Mvua gani hii, na wanangu wako njiani.”

Wanawe walikuwa wawili kwa hesabu yake, Daping aliyemzaa na Lanzhi aliyeolewa na Daping. Wote wawili walifanya kazi katika hoteli moja kubwa huko pwani ya kusini, mwanamume jikoni, mwanamke kwenye chumba cha kufulia mashuka. Hoteli haifungwi sikukuu. Sikukuu ndiyo mavuno yake. Mwaka jana walinyimwa likizo, na mwaka wa kabla yake pia. Safari hii walikuwa wamepewa siku chache, za kuja, kula, kulala na kugeuza.

Waliyemfuata alikuwa Yaya, binti yao, aliyelelewa na bibi yake hapa Shibanping, juu kabisa ya milima ya magharibi mwa Hubei, nchini China. Mara ya mwisho mama yake kumkumbatia, Yaya alikuwa bado na meno yake yote ya utotoni. Sasa alikuwa na pengo mbele, na akicheka ulimi ulichungulia. Simu ilipolia, alikimbilia nyuma ya pipa la mahindi. Bibi akimwita, “Njoo uongee na mama,” alijibu kwa sauti ndogo, “Yule wa kwenye simu?”

Neno hilo lilimkaa Guixiu kifuani kama mwiba wa samaki. Hakuwa akiomba makuu. Alitaka mlo mmoja tu, Yaya akae ubavuni mwa Lanzhi, asikie harufu ya nguo zake, agombezwe kwa kumwaga mchuzi, ajue kwamba mama ni mtu.

Na mlo wenyewe ulikuwa tayari. Nguruwe alichinjwa mwanzoni mwa mwezi, nyama ikaning'inizwa juu ya moto mpaka ikawa nyeusi kwa moshi. Chungu cha mboga mseto kilikuwa jikoni, figili, kabichi, tofu ya soya, utumbo na pilipili, vyote pamoja, kama wenyeji wa mlima ule wanavyopika kila mwaka. Kwao mwaka hutangulia. Watu wa bondeni wanapokuwa bado wanafagia nyumba, wao wamekwisha kula karamu yao, siku moja kabla. Inasemekana wazee wa zamani waliitwa vitani karamu ikiwa kesho yake, wakasema, basi tule leo na wana wetu. Wakala mlango ukiwa wazi, na upande wa meza ulio karibu na mlango hawakuukalia, ili wamwone adui akija. Hata leo haukaliwi.

Simu ikalia. Yaya akatimkia nyuma ya pipa.

“Mama,” akasema Daping, “msitungojee. Tumekwama.”

“Mmekwama wapi?”

“Barabara kuu. Barafu tupu. Magari yamepangana kama samaki wa kuanikwa, na polisi wamefunga mbele.”

“Mmekula?”

“Kuna mama mmoja wa kijiji cha hapa kaja na ndoo ya uji wa tangawizi, anatupitishia dirishani. Lanzhi alitaka kumlipa, mama huyo akatukana.”

“Akamtukana?”

“Eti, ‘Kunyweni mnyamaze, nyie watoto! Mama zenu wakisikia nimewauzia uji, uso wangu nitauficha wapi?’”

Guixiu akacheka, kisha akafuta macho kwa pembe ya aproni. Mwanamke asiyemjua, mwenye ndoo, kwenye barafu. Akamwombea kuni kavu na magoti yasiyouma.

“Lanzhi kavaa vya kutosha?”

“Kanunua koti jekundu. Anasema Yaya amwone kutoka mbali.”

Simu haijapoa mkononi, akaingia Guanglu. Huyu alikuwa ndugu mdogo wa marehemu mumewe, mpiga zumari wa harusi na mazishi, mtu mwenye sauti iliyomtangulia kama mbwa. Akafunua chungu kabla ya kukaa.

“Shemeji, tunakula saa ngapi? Mababu wamekwisha nawa mikono.”

“Hatuli leo. Tutakula kesho.”

“Kesho!” Akaacha mfuniko uanguke. “Kesho ni sikukuu ya watu wa bondeni. Unataka wafu wetu waje leo wakute chungu baridi? Watatuuliza tumehama kabila lini.”

“Wafu wana subira kuliko wewe. Ndugu yako alikuwa akinisubiri nilishe nguruwe kwanza ndipo ashike vijiti vya kulia. Leo hatashindwa.”

“Wazee walikuwa na sababu, shemeji. Vita.”

“Nami ninayo. Barafu. Wao walibadilisha siku ili wale na wana wao. Mimi nabadilisha kwa sababu hiyohiyo. Tofauti iko wapi?”

Guanglu akakuna kisogo. “Tofauti ni kwamba mimi nina njaa.”

Guixiu akampa kipande cha tofu iliyokaushwa kwa moshi. Akaondoka akikitafuna na kunung'unika, lakini Guixiu aliona kwamba alipopita uani aliinama, akamwaga majivu ya moto kwenye ngazi za mlango, ili mzee mwenzake asiteleze.

Jioni ile nyumba zote za mlima zililipua fataki zikala. Nyumba ya Guixiu ilikaa kimya. Akatia kijiko cha wali kwenye bakuli dogo, akamchukua Yaya wakailishe miti, maana hilo halingengoja. Kila mwaka mti wa matunda hulishwa. Mmoja huugusa kwa panga na kuuliza, mwingine huujibia.

Yaya akagonga mti wa mapeasi. Barafu ikapukutika kama vigae.

“Utazaa?”

“Nitazaa,” akajibu Guixiu kwa niaba ya mti.

“Mengi au machache?”

“Mengi, mpaka matawi yashike mgongo.”

Yaya akashika wali kiganjani, asiupake kwenye mti. Akagonga tena.

“Mama atakuja?”

Guixiu akafungua kinywa. Katika miaka yote aliyojibia miti, hakuna mti uliowahi kuulizwa swali kama hilo. Angeweza kusema atakuja. Lakini mti ukiahidi lazima uzae, na yeye hakuwa na mamlaka juu ya barabara yoyote duniani.

“Mti haujui, mwanangu,” akasema. “Mti hauna miguu.”

Yaya akafikiri. “Basi nao upewe wali tu,” akasema, akaupaka.

Kesho yake hawakuja. Asubuhi umeme ulikatika. Nyaya zilizobeba barafu zilishuka chini taratibu kama mwanamke aliyechoka, kisha nguzo moja ikavunjika kiunoni, ikafuatwa na nyingine. Simu ya Guixiu ilibaki na chaji kidogo, naye akaifunga ndani ya soksi na kuitia kifuani, kana kwamba joto lake lingeitia nguvu. Ikalia mara moja.

“Mama, tumeanza kusogea!” Ilikuwa sauti ya Lanzhi. “Lakini wanasema barabara ya kuteremkia darajani kwetu—”

Ikazimika.

Guixiu akabaki ameishika sikioni. Alingoja kidogo, kwa adabu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kukohoa. Kisha akairudisha kwenye soksi.

Alifanya nini? Alichochea moto. Alipasha chungu. Mboga mseto ni chakula chenye huruma, kila kikipashwa kinazidi utamu. Lakini vipande vya figili vilikuwa vimeanza kusagika, akavikoroga kwa upawa wa mti, polepole, visivunjike vyote kabla ya watu kufika. Guanglu alipita mara nyingi siku hiyo. Alileta mkaa, alileta mshumaa, na mara moja hakuleta kitu. Habari ya karamu hakuitaja tena. Guixiu aliiona heshima hiyo akamtilia pombe ya mahindi bila kuombwa.

“Barabara itayeyuka,” akasema Guanglu.

“Itayeyuka.”

“Jua likitoka.”

“Likitoka.”

Wote wawili wakatazama mlangoni. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya paa kama kuku anayeatamia.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kwanza ya mwaka kwa kila mtu, wa mlimani na wa bondeni. Guixiu alikuwa akimchana Yaya nywele aliposikia Guanglu akija, akianguka, akiinuka na kuanguka tena.

“Shemeji! Wamefika! Wako ng'ambo!”

Kuna msemo kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Aliyeusema hakuishi Shibanping. Kijiji kiko ukingoni mwa korongo, na ng'ambo ya korongo kuna kijiji kingine. Jogoo wa kule akiwika utadhani yuko zizini mwako, lakini kwenda kumnunua ni kuteremka mpaka mtoni na kupanda upya, kazi ya kutwa hata kukiwa na jua. Barabara kuu hupita upande ule. Kutoka hapo, njia ya magari hujikunja na kujikunja mpaka darajani, na sasa kila mkunjo ulikuwa ubao wa kioo, umefungwa kwa kamba na askari amesimama. Iliyobaki ilikuwa ngazi ya mawe ya watu wa zamani, inayoshuka moja kwa moja. Kwenye ngazi hiyo, wakati wa barafu nyepesi kuliko hii, ndipo baba yake Daping alipoteleza na gunia la mahindi, akaletwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa.

Guixiu akamfunga Yaya shali, wakatembea wameshikana, Guanglu akiwatangulia na kumwaga majivu. Ukingoni tayari walikuwa majirani wachache. Macho ya Guixiu hayakuwa tena ya kuonea mbali. Aliona weupe, na ng'ambo ya weupe, weupe mwingine.

Hewa ilikuwa tulivu kabisa, imeganda, na sauti ilivuka kama ndege.

“Mamaaa!”

Alikuwa Daping.

“Mamaaa! Ninashuka kwa ngazi! Mimi nashuka, Lanzhi anifuate!”

Majirani wakatazamana. Guixiu alijaribu kuita, lakini koo lake lilikuwa la mtu mzee, sauti ikamwangukia miguuni. Akamshika Guanglu mkono.

“Mwambie asishuke.”

Guanglu akamgeukia. “Shemeji. Miaka yote hii unamngoja.”

“Najua nilivyomngoja. Mwambie asishuke.”

“Ni wewe mama yake. Fikiri kwanza.”

“Nimefikiri tangu babaye alipoletwa juu ya mlango. Mwambie, Guanglu, upesi, kabla hajaweka mguu.”

Guanglu akavuta pumzi ya kupigia zumari, akaweka viganja mdomoni.

“MAMA ANASEMA USISHUKE! UKISHUKA ATAKUJA KUKUCHAPA BAKORA!”

“Sijasema hivyo,” akanong'ona Guixiu.

“Nimetia chumvi. Bila chumvi huyu hasikii, tangu utotoni.”

Kisha sauti ya Daping ikaja, ya chini zaidi.

“Mama, basi la kurudi linaondoka mchana huu! Tusipolipanda, kazi hatuna! Hatuwezi kungoja iyeyuke!”

Guixiu alijaribu kutafuta wa kumlaumu, akamkosa. Askari alikuwa akizuia watu wasife. Dereva wa basi alikuwa na mama yake mahali fulani. Hata mvua ilikuwa maji tu yaliyopatwa na baridi. Alichokuwa nacho yeye kilikuwa neno moja, usishuke, na alikwisha lisema.

Yaya akamvuta nguo. “Bibi, watarudi bila kula?”

Guixiu akamtazama. Kisha akamwambia Guanglu, “Leteni meza.”

“Meza gani?”

“Ya karamu. Na chungu. Na mabakuli yote.”

“Shemeji, huku nje? Mababu watasema nini?”

“Waulize ukiwa umebeba.”

Guanglu akaibeba kichwani kama kofia ya kichaa, akilalamika njia nzima kwamba katika mazishi yote aliyopiga zumari hajaona watu wanaokula kwenye barafu. Bi arusi wa jirani, aliyeolewa majuzi tu na bado akiona haya kuongea na watu, alileta mafungu ya majani makavu ya mpunga akayatandika ili meza isiteleze na Bibi akalie pakavu. Aliyapiga-piga kwa mkono, akarudi nyuma.

Wakapanga viti pande tatu. Upande wa nne, uliotazama korongo, hawakuweka kiti. Guixiu akapanga mabakuli mawili na jozi mbili za vijiti kwenye upande huo, jambo ambalo halijawahi kufanywa na ukoo wao, akina Xiang, akayajaza mchuzi. Guanglu akaona, akataka kusema, akakohoa badala yake.

“TUNAKULA KARAMU HUKU!” akapaza. “NYIE MNA CHOCHOTE?”

Ng'ambo palikuwa na pilikapilika. Yaya, mwenye macho ya kipanga, akawa anamsimulia bibi yake.

“Kuna nyumba. Kuna babu ametoka na meza. Kuna mwanamke analeta sufuria, inatoa moshi. Wanamkalisha baba. Baba hataki kukaa. Wamemsukuma, amekaa.”

Watu wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kula karamu yao, siku yake, kama inavyostahili. Wamepasha tena kwa ajili ya wageni waliokwama mlangoni pao. Guixiu alikuwa hajui hata jina la ukoo wao.

“Na mama?” akauliza. “Unamwona mama? Koti jekundu.”

Yaya akakunja uso. Akasogea mpaka mwisho wa majani makavu.

“Bibi, wekundu wako wawili.”

“Wawili?”

“Mwenye sufuria naye ana koti jekundu. Yupi mama?”

Guixiu akakaza macho mpaka yakatoa machozi. Weupe, na ng'ambo ya weupe, weupe. Hakuweza kumwonyesha mtoto mama yake.

“Yule anayekutazama,” akasema.

“Wote wananitazama.”

Guanglu akawasha fataki. Zikalia kwenye barafu, mwangwi ukazirudisha. Ng'ambo nao wakawasha zao, ndogo, masalio. Ndipo wakaanza kula, upande huu na upande ule. Mchuzi ulikuwa na moto bado, na figili zilikuwa zimesagika kabisa. Guanglu akapaza kila kilichokuwa mezani, nyama hii, tofu ile, na kutoka ng'ambo Daping akajibu walicho nacho, mpaka majirani wakaanza kucheka. “ANASEMA NYAMA YAO INA MAFUTA KULIKO YETU! MUONGO HUYU, AMEANZA KUWASIFU WENYEJI!”

Yaya hakucheka. Alisimama na bakuli lake, akajaza kifua.

“NIMENG'OKA JINO!”

Ng'ambo, mwekundu mmoja aliinuka na kuja mpaka ukingoni. Alijibu kitu, kirefu. Lakini sauti yake ilikuwa imekatika kwa kilio, au upepo uliokuwa umelala siku zote hizo uliamua kuamka wakati huo huo. Ilifika kama mluzi tu, ikapita.

“Amesema nini?” akauliza Yaya.

Guanglu akatikisa kichwa. Bi arusi akatazama chini. Guixiu angeweza kutunga. Maneno yalikuwepo, mazuri, aliyajua yote. Lakini yalikuwa ya Lanzhi, naye hakutaka kumpa mtoto kitu cha mama yake kabla mama mwenyewe hajakitoa.

“Sikusikia, mwanangu. Mwambie arudie.”

Yaya akaita. Akarudia. Upepo ukaja tena. Akaita mpaka sauti ikakwaruza, na ng'ambo yule mwekundu akarudia na kurudia, na kila mara ikafika mluzi. Kisha honi ya basi ikalia. Hiyo waliisikia vizuri sana.

“Mama, tunakwendaaa!”

“NENDENI SALAMA!” akapaza Guanglu, na safari hii hakutia chumvi. “MWAKA HUU MUWE NA AFYA!” Akageuka akajipenga kwa nguvu, akawagombeza majirani kwa kumwangalia.

Guixiu alikaa palepale, mikono mapajani, akiutazama upande wa meza usio na mtu. Mvuke ulikuwa umekoma kwenye yale mabakuli mawili, na utando wa mafuta ulianza kuganda juu yake.

“Bibi,” akasema Yaya. “Mwekundu mmoja anapanda kwenye barabara. Anageuka. Anatembea tena. Anageuka.”

“Na mwingine?”

“Anakusanya vyombo.” Mtoto akamfuata kwa macho yule wa barabarani mpaka alipoingia nyuma ya basi. Akashusha pumzi. “Sasa nimemjua. Mama ni huyo aliyeondoka.”

Guixiu akamvuta, akamfunika na ubavu wa koti lake. Basi likanguruma, likazunguka mlima, likawa nyuki, likaisha.

“Yule mwingine bado yupo,” akasema Yaya kutoka ndani ya koti. “Ameweka sufuria chini. Anatupungia.”

“Mpungie, mwanangu,” akasema Guixiu. “Amewalisha.” Na kwa kuwa hakumwona, akauinua upawa wake wa mti juu kadiri alivyoweza, akaupunga kuelekea kwenye weupe, muda mrefu, mpaka Yaya alipomwambia kwamba yule mama ameingia ndani.